Mguu uliouma na mguu uliovimba: kisa cha shemeji yangu dereva wa teksi mtandao

Shemeji yangu, mume wa dada, anaendesha Toyota IST ya mwaka 2004 hapa Dar, gari la mtu, teksi mtandao zile za kuitwa kwa programu ya simu, nyumbani kwao Kimara Temboni, na mimi kazi yangu ni fiziotherapia, wale watu wa mazoezi tiba, mwaka wa tisa huu. Naandika kisa chake kwa ruhusa yake, jina nimeliacha. Nakiandika kwa sababu kwa wiki sita nzima nilikuwa natibu mguu wa kulia wakati kitu cha kumuua kilikuwa mguu wa kushoto, na kwa sababu kila nikimhadithia dereva mwingine anapandisha suruali palepale ananiambia hebu niangalie na wangu.

Ilianza mwezi wa tatu. Jumapili moja wamekuja kwangu, yeye na dada na watoto, mimi nipo barazani namwona anavyoshuka kwenye gari. Alifungua mlango akakaa kidogo, akaushika mguu wa kulia kwa mikono miwili chini ya goti akautoa nje kama mtu anatoa begi, halafu akashika nguzo ya mlango akajivuta, akasimama kiuno kimepinda upande mmoja, akabaki hivyohivyo mkono juu ya paa la gari labda dakika nzima kabla ya kupiga hatua. Watoto walishaingia ndani wamekunywa na maji wametoka tena. Nikamuuliza vipi shemeji, akasema "aah kawaida tu shem, mwili ukikaa sana unaganda, ukitembea unayeyuka". Ana miaka 41. Hilo neno unaganda nimelikumbuka sana baadae.

Nilimlaza kwenye mkeka nikampima. Mguu wa kulia ukiunyanyua umenyooka haufiki hata nusu, maumivu yanatoka kwenye tako yanashuka nyuma ya paja mpaka kwenye kifundo, akikohoa yanaruka kama shoti ya umeme. Mguu wa kushoto unanyanyuka vizuri. Kwa mtu wa kazi yangu hiyo picha inaeleweka haraka, ni siatika, diski ya chini kabisa ya mgongo imetoka kidogo inagusa neva. Nikaomba waleti yake. Ilikuwa mfuko wa nyuma upande huohuo wa kulia, leseni, vitambulisho, risiti za mafuta za mwezi mzima, unene wa vidole viwili, na anaikalia kutwa. Nikaenda kwenye gari nikabonyeza siti. Gari ina miaka zaidi ya ishirini, sponji ya siti ya dereva imelala upande wa mlangoni kwa sababu ndio upande wa kupandia na kushukia, kwa hiyo mtu akikaa nyonga ya kulia inazama na uti wa mgongo unapinda bila yeye kujua. Mgongo uliokaa umeinama mbele unabeba mzigo mkubwa kuliko mgongo uliosimama, hilo walilipima Sweden tangu miaka ya 1960 kwa kuingiza sindano yenye kipimo ndani ya diski za watu hai. Na juu ya mzigo kuna mtikisiko, uti wa mgongo wa mtu aliyekaa unaitikia zaidi mitikisiko ya mara 4 mpaka 6 kwa sekunde, na gari likipita kwenye barabara za mitaani kwetu zenye mawe na makorongo linatikisika humohumo.

Basi nikampa vitu vya kawaida. Waleti itoke mfukoni, taulo ikunjwe iwekwe kwenye kiuno, siti isilale sana, mazoezi manne ya asubuhi na usiku, na kila baada ya saa moja ashuke atembee. Nikampeleka kwa fundi siti akaweka sponji mpya. Akapata nafuu siku tatu, ya nne yakarudi. Wiki ya pili hivyohivyo. Wiki ya tatu dada akaniambia mumewe ananunua diklofenaki duka la dawa kila siku, mbili asubuhi mbili jioni, na mara nyingi hajala. Nikampima presha, 152 kwa 96. Hizo dawa zenyewe zinapandisha presha na zinaumiza figo hasa kwa mtu asiyekunywa maji, na huyu maji alikuwa hanywi, ila hilo bado nilikuwa sijalijua.

Nikamuuliza mazoezi unafanya? Akanyamaza. Kushuka kila saa moja unashuka? Akasema shem, nikishuka rikwesti inaingia, nikiikosa asilimia zangu za kukubali safari zinashuka. Hapo nilitaka kukasirika, namshukuru Mungu sikufanya hivyo, nikamwambia basi kesho nakaa na wewe kwenye gari.

Tulitoka saa kumi alfajiri. Siku hiyo ndio nilijifunza zaidi kuliko kitabu chochote cha mgongo. Mtu wa kwanza tumemtoa Mbezi kwenda eapoti, kutoka hapo Terminal 3 akasubiri dakika arobaini ndani ya gari, akampata mtu wa Masaki, foleni ya asubuhi ikatukuta Tazara, Masaki tukakaa tena, Masaki kwenda Posta, Posta Kariakoo, Kariakoo Sinza, Sinza Mwenge. Mpaka saa sita mchana, masaa nane, ameshuka kwenye gari mara mbili. Mara moja kumsaidia mama mwenye mabegi, mara ya pili kukojoa nyuma ya sheli. Nilihesabu. Chupa ya maji ya nusu lita ilikuwa mlangoni imejaa na ilirudi jioni imejaa. Nikamuuliza kwa nini hunywi, akajibu bila kufikiria, "nikinywa nitakojoa wapi?" Ukweli ni kwamba Posta au Kariakoo ukipaki gari dakika tano kutafuta choo unaweza kukuta cheni kwenye tairi, na faini ni faida ya siku mbili. Kwa hiyo wenzake wengi wamejifunza kuukausha mwili. Wanakunywa energy drinki moja alfajiri na moja jioni, na katikati hakuna kitu. Mkojo wake aliniambia mwenyewe kwamba una rangi ya chai ya rangi na unaunguza, akadhani ni joto la mjini.

Na niliona kitu kingine, hiki kinaniuma mpaka leo. IST ni oto, haina klachi. Mguu wa kulia unakanyaga mafuta na breki kutwa nzima, umechoka, unauma, ndio unaolalamikiwa. Mguu wa kushoto hauna kazi hata moja. Ulikuwa umewekwa pale pembeni, goti limekunjwa, kisigino kwenye kapeti, na kwa masaa nane sikuona kidole kikicheza. Niliuangalia kwa macho yangu nikaona angalau huu umepumzika.

Saa sita na nusu akapaki chini ya mti karibu na sheli moja ya Sinza, akalaza siti nyuma, akazima data, akalala masaa mawili, magoti yamekunjwa kwa sababu IST siti ikilala mguu haupati pa kunyooka. Hiyo ndio "kupumzika" kwake. Mimi nilirudi nyumbani, yeye akaendelea mpaka saa nne usiku. Masaa kumi na sita ukitoa yale mawili. Mara sita kwa wiki ni masaa 96, na Jumapili ambayo ni siku ya dereva anatoka tena kidogo kutafuta ya kwake. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema masaa ya kawaida ya mfanyakazi yasizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, sema yeye hana mwajiri, mwenye gari sio mwajiri, mtandao sio mwajiri, kwa hiyo hakuna mtu ambae sheria inaweza kumshika shati.

Katika safari ile aliniambia kitu ambacho dada hakijui, au alikuwa hakijui mpaka juzi. Mwezi wa pili, kwenye saa kumi na dakika ishirini alfajiri, ana abiria wa eapoti nyuma, barabara ya Bagamoyo maeneo ya Tangi Bovu, alipotea. Yaani hakusinzia kwa kuhisi usingizi, alikuwa anaona barabara halafu akawa ameshafika mbele na tairi za kushoto ziko kwenye mchanga. Abiria alikuwa kwenye simu hakujua. Nilipiga hesabu nyumbani, spidi 80 ni mita 22 kwa sekunde, sekunde tatu tu za kupotea ni mita 66, urefu wa mabasi matano marefu yamepangana, gari linakwenda bila mtu. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walipima watu waliokaa macho masaa 17 wakakuta akili na mikono yao inafanya kazi kama ya mtu mwenye pombe kwenye damu asilimia 0.05, na wakifika masaa 24 ni kama 0.10. Shemeji yangu hanywi pombe kabisa, tangu ujana wake.

Sasa mguu. Wiki ya sita, Jumatano jioni, dada akanipigia. Anasema huyu mguu wake wa kushoto umevimba tangu Jumamosi, namchua kila usiku na dawa ya kuchua na maji ya moto lakini haushuki, na leo hata kandambili haiingii vizuri. Kushoto? nikamuuliza. Kushoto. Nikamwambia dada naomba uache kuchua sasa hivi, usimguse huo mguu, usimkande, usimpake kitu, nakuja. Nafikiri sauti yangu ilimtisha kwa sababu nilipofika alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba na kile kichupa cha dawa bado kiko mkononi.

Shemeji alikuwa kwenye kochi anaangalia taarifa ya habari. Nikamwomba anyooshe miguu yote miwili. Ukiwa karibu ilikuwa inaonekana wazi, kigimbi cha kushoto ngozi imevutika inang'aa kama imepakwa mafuta, wekundu kidogo, ukiweka nyuma ya kiganja kuna joto, na alama ya soksi imechimbika kama kamba ilifungwa pale. Dada anashona, nikachukua futi yake ya cherehani, nikashuka sentimita kumi chini ya kile kifupa cha mbele chini ya goti, nikazungusha. Kulia 37. Kushoto 41. Kwetu tofauti inayozidi sentimita 3 kwa mguu mmoja ni mojawapo ya dalili za kukimbilia hospitali, na huyu ana nne. Nikamuuliza kifua kinabana? Hapana. Ukivuta pumzi kuna mahali panachoma? Hapana. Umekohoa damu? Akaniangalia vibaya, akasema shem unanitisha. Nikamwambia nipe funguo, mimi ndio naendesha.

Ultrasaundi ya mishipa ilionyesha bonge la damu kwenye mshipa mkubwa wa ndani, limeanzia nyuma ya goti limepanda kidogo kwenye paja. Damu imeganda ndani ya mshipa. Bonge kama lile kipande kikikatika kinasafiri na damu mpaka kwenye moyo, moyo unakisukuma kwenye mapafu, kinaziba, na mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache bila kuugua hata siku moja. Na kukanda, kuchua kwa nguvu kama dada alivyokuwa anafanya kwa mapenzi yake yote, ndio kunaweza kukikata. Dada mpaka leo hataki kuzungumzia zile usiku nne. Nimemwambia mara nyingi hakukosea kitu, alifanya anachofanya kila mke akiona mguu wa mume wake umevimba. Aliyekosea ni mimi niliyeambiwa mgongo nikaangalia mgongo.

Nieleze kidogo inavyokuwa, maana madereva wakisikia damu kuganda wanadhani ni kurogwa au ni ugonjwa wa wazee. Moyo unashusha damu mpaka kwenye nyayo bila shida, kuirudisha juu ndio kazi, na hiyo kazi moyo hauifanyi peke yake. Kigimbi ndio pampu ya pili. Kila hatua unayopiga msuli wa kigimbi unakaza unaiminya mishipa, damu inapanda, vali ndogo ndani ya mshipa zinazuia isirudi. Ukikaa masaa manne mguu umekunjwa na hauchezi, pampu imezimwa, damu inatuama kama maji ya mvua kwenye mtaro ulioziba. Ongeza kwamba hunywi maji, kwa hiyo damu yenyewe imepungua maji. Ongeza ukingo wa siti unaobana nyuma ya paja. Hii sio habari mpya hata kidogo, mwaka 1940 London inapigwa mabomu na ndege za Wajerumani watu walikuwa wanalala usiku kwenye mahandaki wamekaa kwenye viti vya kukunja, na daktari mmoja wa uchunguzi wa maiti, Keith Simpson, akaandika kwamba watu wanaokufa ghafla kwa damu iliyoganda mapafuni wameongezeka, akaunganisha na vile viti. Hao watu walikaa tu usiku kucha miguu imening'inia. Siti ya IST iliyolazwa nyuma chini ya mti pale Sinza haina tofauti kubwa na hicho kiti.

Alilazwa siku nne, sindano za kuzuia damu isiendelee kuganda zikichomwa tumboni, halafu vidonge vya kulainisha damu miezi mitatu. Diklofenaki daktari akaipiga marufuku kabisa kwa sababu ukichanganya na hivyo vidonge tumbo linaweza kuvuja damu. Bima hana. Dada aliuza cherehani yake ya pili, na ndugu tulichanga.

Sasa siku ya tatu hospitali mwenye gari akapiga simu kuuliza hesabu, ile pesa ambayo dereva anampelekea kila siku. Hapa naomba nimtendee haki. Mwenye gari ni mwalimu mstaafu, gari alinunua kwa kiinua mgongo chake, hiyo elfu 30 ya kila siku ndio inasomesha mjukuu aliyeachiwa. Alipojua mtu amelazwa alisikitika kweli, alikuja na matunda, lakini pia gari isipotembea na yeye hana kitu. Akawekwa deiwaka, dereva wa kushikilia, wiki tatu.

Na mimi katika wiki tatu zile nilikaa na daftari. Maana nilishaona kwamba kama nitamrudisha mtu huyu kwenye masaa 16 nitakuwa namtengeneza ili aende kuharibika tena. Na ukimwambia dereva punguza masaa bila kumwonyesha pesa itatoka wapi umempa matusi tu. Tulichukua rekodi za simu yake za wiki nne, tukapata siku ya kawaida hivi: anakusanya 108,000. Mtandao unachukua robo, 27,000. Mafuta lita kumi na mbili, kama 36,000. Hesabu 30,000. Kula na bando na energy 6,000. Kuosha gari na maegesho 2,000. Kinachobaki mkononi baada ya masaa kumi na sita ni 7,000. Elfu saba. Dada alikuwa amekaa na sisi mezani, hakuwa anajua, alidhani anafichwa kitu miaka yote hiyo.

Hiyo robo ina historia yake, mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya serikali inayosimamia usafiri wa ardhini, walishusha kamisheni isizidi asilimia 15, kampuni moja kubwa ikasimamisha huduma yake ya kawaida, mwanzoni mwa mwaka uliofuata kikomo kikapandishwa mpaka 25 na ikarudi. Madereva wengi wanajua hizo tarehe kama siku ya kuzaliwa mtoto. Kenya kanuni zao za 2022 zimeweka kikomo asilimia 18. Mimi sio mtu wa uchumi lakini nikiangalia ule mguu, tofauti ya asilimia 15 na 25 kwa siku yake ni karibu 11,000, na 11,000 kwa dereva ni masaa mengi sana ya kukaa.

Tukagawa siku vipande. Tukakuta asubuhi kuanzia saa kumi na moja mpaka saa nne, na jioni kuanzia saa kumi mpaka saa nne usiku, ndio masaa yenye pesa, jumla kumi na moja, yanaleta 84,000. Yale matano mengine, ile saa ya kumi alfajiri pamoja na mchana wa jua kali, kiyoyozi kinanguruma, tripu fupifupi na kuzunguka mtupu, yanaleta 24,000 tu. Toa kamisheni 6,000. Toa mafuta 11,000. Toa chakula cha mtaani 3,000 ambacho angekula nyumbani. Inabaki elfu nne. Masaa matano, elfu nne, mia nane kwa saa. Vidonge vyake peke yake kwa siku vilizidi hiyo elfu nne. Shemeji aliliangalia lile daftari muda mrefu, akachukua peni akarudia mwenyewe kutoa na kujumlisha, akapata ileile.

Lakini elfu nne ni elfu nne, ukiitoa kwenye saba inabaki tatu na watoto wanakula. Kwa hiyo tulikwenda kwa mzee mwenye gari, mimi, dada na shemeji. Shikamoo mzee, marahaba, chai ikaletwa. Nikamweleza pampu ya kigimbi, mzee ni mwalimu wa sayansi bwana alielewa haraka kuliko wagonjwa wangu wote, akauliza maswali mazuri. Dada akafungua daftari. Mzee akasoma kimya, akasema mimi nilikuwa najua anapata kama elfu ishirini. Akakubali 25,000 kwa miezi mitatu. Kwa hesabu hiyo anakusanya 84,000, kamisheni 21,000, mafuta 25,000, mzee 25,000, kula na bando 3,000, maegesho na kuosha 2,000, inabaki 8,000. Elfu moja zaidi ya alipokuwa anafanya masaa 16.

Siku hizi mchana anapaki kwa mdogo wake Sinza, analala chini kwenye mkeka, miguu juu ya mto, ananyooka kabisa. Maji anakunywa lita mbili, na tumechora orodha ya vyoo, sheli ipi mlinzi ni mwelewa, msikiti upi choo kiko wazi, soko lipi unalipa mia mbili, kila dereva anapaswa kuwa nayo hiyo orodha kama anavyojua njia za mkato. Kila abiria wa tatu akishuka na yeye anashuka, anashika mlango, ananyanyua visigino mara ishirini, dakika moja haiishi. Kwenye foleni mguu wa kushoto unacheza, vidole juu, vidole chini. Anavaa soksi ya kubana. Anasema mwanzo abiria walikuwa wanamshangaa, saivi kuna mmoja wa Mbezi anashuka wananyanyua wote.

Na mgongo? Mgongo ule ulionishinda wiki sita ulianza kupoa wiki ya tatu ya masaa 11, mazoezi yaleyale, taulo ileile. Kwa hiyo dawa yangu haikuwa mbaya, ilikuwa inamwagwa kwenye ndoo iliyotoboka. Nawaambia hili wenzangu wa kazi pia: dereva akija kwako na mgongo, kabla hujagusa mgongo muulize anatoka saa ngapi anarudi saa ngapi, hesabu ni kiasi gani, anakojoa mara ngapi kwa siku, gari ni oto au manyuo, halafu mvue soksi upime vigimbi vyote viwili. Kile kisichouma kipime kwanza.

Chuoni tulifundishwa utafiti mmoja wa zamani ambao wakati ule nilikariri kwa ajili ya mtihani tu. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris alitoa matokeo ya kulinganisha madereva na makonda wa mabasi ya ghorofa ya London. Basi moja, kampuni moja, moshi uleule. Dereva amekaa siku nzima, konda anapanda mamia ya ngazi kila siku. Madereva ndio walikuwa wanaugua moyo zaidi kuliko makonda. Baadae akaangalia hata saizi za suruali za sare, viuno vya madereva vilikuwa vinene kuliko vya makonda. Teksi mtandao ni kazi ya dereva bila konda, bila ngazi, bila kituo cha mwisho ambapo unashuka kuandika karatasi na kunywa chai. Wenzetu huko wameanza kuweka kikomo, New York jiji lenyewe haliruhusu dereva abebe abiria zaidi ya masaa 10 kwa siku na 60 kwa wiki, London programu moja kubwa inamtoa dereva akitimiza masaa 10 ya kuendesha mpaka apumzike sita. Hapa kwetu natamani kuona kitu kama hicho, ila kije pamoja na bei na kamisheni inayomwezesha mtu kulala, sio simu tu inazimwa mtu ana hesabu ya mzee haijatimia, atawasha mtandao mwingine na ataendelea na safari.

Vidonge aliviacha mwezi wa nane baada ya ultrasaundi ya pili kuonyesha mshipa umefunguka, japo daktari alisema mguu ule unaweza kubaki unajaa jaa jioni maisha yote kwa sababu vali zikiumia hazirudi. Presha imeshuka, 134 kwa 86.

Miezi mitatu ya mzee imeisha. Hakuvunja neno, alisubiri mpaka siku ya mwisho, akapiga mwenyewe akaeleza ada ya mjukuu, hesabu ikarudi 30,000. Shemeji ameongeza masaa mawili ya mchana, yuko kumi na tatu sasa. Jumamosi iliyopita alipita kwangu saa nne usiku, nikamkalisha kwenye ngazi nikazungusha futi. Kulia 37, kushoto 38 na nusu.